Samaki wa Sitaha ya Sita

Meli ilikuwa na miaka thelathini na moja, na shangazi yangu alikuwa ameitumikia ishirini na miwili. Walipoivuta chelezoni kuikarabati, walibomoa karibu kila alichokijua. Maktaba ikawa chumba cha mazoezi. Bwawa la nyuma likafunikwa mbao, pakapangwa viti vya kuota jua. Kwenye sitaha ya sita, ile yake, ngazi za nyuma ziling'olewa ili lifti ya jikoni ipite, na mahali pake pakazibwa kwa ukuta mweupe.

Mimi nilikuwa timu ya mazulia. Shangazi ndiye aliyeniombea kazi nilipoacha chuo mwaka wa tatu, ndiyo maana wenzangu waliniita Nusu Digrii. Msimamizi wetu tulimwita Gundi, maana akikushika hakuachii. Zulia la korido lilikuwa la buluu, lina samaki wadogo wa rangi ya dhahabu wanaotazama upande mmoja. Gundi alisema jambo moja tu: vichwa vya samaki vielekee mbele ya meli. Sababu hakutoa. Nikadhani ni ushirikina wa mabaharia. Siku aliyokwenda kung'olewa jino, nikalaza korido nzima ya kushoto, mita sitini, vichwa vikielekea nyuma, nione atagundua baada ya siku ngapi. Wiki tatu zikapita, Gundi anawakanyaga samaki wangu kila siku na kikombe chake mkononi, mimi nacheka kimoyomoyo.

Sasa, wenye meli wakatangaza kwamba wahudumu wa vyumba waliozidi miaka hamsini na mitano wapimwe upya. Kila mmoja awatoe watu kumi vyumbani gizani, awafikishe kwenye boti za kuokolea watu ndani ya dakika sita. Ukishindwa, kazi huna. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na saba. Alisema hana wasiwasi, lakini wiki hiyo alinipigia simu mara nne kuniuliza kama nimekula.

Asubuhi ya mtihani nilimkuta kantini akiwafunda wahudumu wawili wapya. Aliwaambia moshi ukijaa wasihangaike na vibao, watazame chini: kichwa cha samaki kinaonyesha mbele, na ngazi za kushukia kwenye boti ziko mbele.

"Watu watawadanganya," akasema. "Samaki hawana mdomo wa kudanganyia."

Nikakiacha kikombe cha chai mezani, nikainuka. Kabla sijamvuta pembeni, mkaguzi akaja kumchukua. Alikuwa mama mmoja mkavu, kavaa saa mbili, moja kila mkono. Akanitazama na mimi, akasema abiria wa mfano amepungua mmoja, nifuate.

Abiria wa mfano tulipewa masharti. Kulia ruksa, kugoma ruksa, hata kuzimia ruksa, maana abiria wa kweli hufanya hayo yote. Kumwonyesha mhudumu njia ni marufuku. Ukimwonyesha, amefeli papo hapo.

Mkaguzi alimpandisha na kumshusha shangazi kwa lifti mpya mpaka akapoteza mwelekeo, akamwingiza chumba kisicho na dirisha, kwenye korido yangu ya kushoto. Namba za milango zilikuwa bado hazijabandikwa. Taa zikazimwa, mashine ikamwaga moshi, ikabaki mistari myembamba ya mwanga sakafuni.

Shangazi akatukusanya koridoni kwa sauti ileile aliyokuwa akiniamshia niende shule. Kila mtu aweke mkono begani kwa mwenzake, tutembee, tusikimbie. Akainama, akawasoma samaki, akashika njia waliyomwonyesha. Njia hiyo mwisho wake ni ukuta mweupe.

Nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Nikajilaza chini katikati ya korido, mzima mzima, nikasema mimi siendi. Fundi bomba aliyekuwa nyuma yangu akaniangukia, akautukana ukoo wangu wote, asijue anayetuongoza ni wa ukoo huo.

Shangazi akarudi, akapiga magoti. "Mgeni wangu, inuka."

"Siinuki, mama. Nawatazama samaki."

Akawatazama samaki tena. Huyu kanilea tangu nina miaka minane, anajua kila nilipojifanya mgonjwa kulikuwa na kioo kimevunjika mahali. Akasimama, akapapasa reli ya mbao ya ukutani, kitu pekee ambacho ukarabati haukukigusa. Aliisugua miaka yote ile. Vidole vikafika kwenye kovu ambalo troli yake iliwahi kulichimba, kando ya kabati la mashuka. Na kabati la mashuka liko nyuma ya meli.

"Tunageuka," akasema. "Na wewe uliyelala, utainuka au nikuinue kwa sikio?"

Tulifika kwenye boti kwa dakika tano na sekunde hamsini. Mkaguzi akamwambia amefaulu, ila akataka kujua kwa nini alianza kwa kwenda nyuma. Angeweza kusingizia moshi, yakaishia hapo.

"Samaki wa korido ya kushoto wamelazwa kinyume," akasema. "Mpaka wageuzwe, mgeni asilale sitaha hii."

Gundi, aliyekuwa amekuja kutazama mtihani, akaapa haiwezekani. Akaenda na tochi, akarudi akasema ni kweli. Mkaguzi akauliza nani kalaza zulia lile. Shangazi hakunitaja. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Nikanyoosha mkono.

Gundi akasema nitawageuza wote, mita zote sitini, bila malipo, kisha niende zangu. Akanitupia kisu na ndoo ya gundi. Nikaanzia pale kwenye ukuta mweupe. Shangazi akaja, sare mpya mwilini, akavua viatu, akashika ncha ya zulia.

"Vuta," akasema. "Taratibu, usilichane."