Kanivali ya Wenyeji

"Mpeleke mama akabadilishe hewa," mume alimwambia mkewe, muuguzi. Likizo ya muuguzi ikaangukia msimu wa mvua, hivyo yeye na mama mkwe wakafika kwenye mji wa kanivali miezi mitano baada ya kanivali yenyewe kupita. Tangu afiwe na mzee mwaka jana, mama mkwe alikuwa haongei ila aulizwe. Siku nzima ya kwanza walishinda kwenye chumba cha wageni wakitazamana, kila mtu juu ya kitanda chake.

Asubuhi ya pili wakasikia ngoma barabarani.

"Kuna nini tena?" muuguzi akamuuliza mwenye nyumba.

"Kanivali ndogo. Ile kubwa tunawachezea wageni, hii tunajichezea wenyewe."

Wakashuka. Msafara haukufika hata watu arobaini: wapiga tarumbeta wamevaa makoti ya mvua, fundi viatu kajifunga mabawa ya kadibodi yaliyolegea kwa manyunyu, na bendera ndefu ya miti miwili ina mshikaji mmoja tu. Mwenzake mafua yamemlaza.

Fundi viatu akaangaza macho, yakatua kwa mama mkwe.

"Mama, hebu tushikie huku."

"Mimi? Na goti langu hili bovu?"

"Tunakwenda polepole. Hata tarumbeta zenyewe zinakohoa."

Muuguzi alikuwa anafungua kinywa amkatalie, kumbe mkoba wa mama mkwe keshatupiwa yeye. Mama mkwe akaukamata mti kwa mikono miwili, akaanza kuchechemea, na kuchechemea kule kukaingia kwenye mdundo. Kufika kona ya duka la mikate, alikuwa anamfokea mshikaji mwenzake, "Nyoosha kitambaa! Umelala?" huku watu wakimshangilia madirishani. Muuguzi akawa anakimbia pembeni na mkoba, anacheka mpaka machozi. Miaka sita ya ndoa, sauti ile hakuwahi kuisikia. Labda mzee aliijua.

Walirudi wameloa chapachapa. Mama mkwe akaomba simu, akampigia mwanawe.

"Tunaongeza siku mbili." Akasikiliza kidogo. "Utakula nini? Kwani huna mikono? Jiko unajua lilipo."

Akakata, akamgeukia muuguzi.

"Haya mwanangu, niletee maji ya moto nilikande goti hili. Kesho tukatafute viatu vya kutembelea. Hivi vitaniua."