Pilau ya Mwalimu Leokadia

Siku jeneza la Mwalimu Leokadia lilipotolewa Konde kupelekwa bandarini kuvushwa bara, Bi Khairiya alisimama mlangoni kwake, ncha ya leso mdomoni, akalia kuliko majirani wote. Watu walimwonea huruma. Miaka minne walikaa mlango kwa mlango, yeye na yule mwalimu wa hesabu kutoka Songea, na hakuna aliyepata kuwasikia wakigombana. Wala hakuna aliyejua hasa anachokililia.

Kila Krismasi mwalimu alikwenda kusali Wete asubuhi, akarudi, akajifunga kitambaa kichwani, akapika pilau ya kuku. Saa nane mchana alibisha hodi, bakuli mkononi, limefunikwa kawa.

"Bi Khairiya, Krismasi si ya kula peke yako," alisema mwaka wa kwanza. "Mtoto mwenyewe alizaliwa zizini kwa kukosa jirani wa kumfungulia mlango. Halafu nikwambie, hawa kuku..."

"Ahsante, mwalimu, ahsante sana, Mungu akuzidishie," Bi Khairiya alimkatiza, akapokea bakuli upesi, asije mwenzake akakaa kumngoja aonje.

Maana wifi yake, Mwanawema, alikwisha kumtia maneno. "Watu wa bara hao, wifi. Sufuria zao zina siri. Leo kuku, jana ilikuwa nini, wajua? Na huyo kuku kamchinja nani?"

Kumuuliza mwalimu ilikuwa aibu. Kumrudishia bakuli lake, aibu zaidi. Bi Khairiya akachagua njia ya tatu: alizunguka nyuma ya jiko, akawamwagia kuku wake pilau yote. Kisha akaliosha bakuli, akalijaza vitumbua, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Kesho yake mwalimu alimwita kutoka uani. "Vitumbua gani hivi, Bi Khairiya? Hata paka sikumbakishia!"

Ikawa hivyo mwaka wa pili, wa tatu, na wa nne. Kuku wa Bi Khairiya walinenepa. Krismasi ya tano haikufika. Presha ilimwangusha mwalimu mwanzoni mwa Disemba.

Mwezi wa kwanza mdogo wa kike wa marehemu alikuja kuchukua vitu. Bi Khairiya akaenda kumsaidia kufunga mizigo. Walikuwa wanakunja mapazia alipoingia Mzee Vuai, muuza kuku wa sokoni, kutoa pole.

"Dada yako alikuwa mtu wa pekee," Mzee Vuai alisema akivua kofia. "Kila Krismasi ananiletea kuku niwachinje. Nikamwambia, 'Mwalimu, si ununue waliokwisha chinjwa, uepuke usumbufu?' Akasema, 'Hapana, mzee. Bismillahi niisikie kwa masikio yangu, Bi Khairiya akiniuliza nisibabaike.'" Akamgeukia Bi Khairiya, akicheka. "Ulimhoji sana, siyo? Nakujua wewe!"

Bi Khairiya aliendelea kukunja pazia lililokwisha kukunjwa.

"Kumbe Bi Khairiya ndiye wewe, mama?" alisema mgeni. Akainama chini ya meza, akatoa sufuria yenye uzi wa kijani uliofungwa kwenye kishikio chake. Ilikuwa inang'aa bado. "Basi hii ni yako. Nilipokuja kumtembelea alinikataza kuigusa. Haikupikiwa kitu ila pilau yenu."

Bi Khairiya aliipokea kwa mikono miwili.

"Hebu niambie ukweli, mama. Nyumbani tulikuwa tukimtania kwamba hajui kutia chumvi. Pilau yake ilikuwaje?"

Neno lilikuwa papo hapo kwenye ulimi. Sijui, mwanangu. Sikuionja hata siku moja. Lakini yale macho yalikuwa ya dada yake kabisa, na yalikuwa yanangoja kitu cha kurudi nacho Songea.

"Tamu," Bi Khairiya alisema. "Chumvi kiasi chake."

"Basi alijifunzia huku!" Yule mgeni alicheka huku machozi yakimtoka, akamkumbatia kwa nguvu, sufuria ikiwa katikati yao. Bi Khairiya alikumbatiwa kama mtu aliyestahili.

Kwenye nyumba ya mwalimu sasa anakaa karani mmoja na mkewe. Tarehe ishirini na tano Disemba Bi Khairiya hupika pilau ndani ya ile sufuria, akawapelekea bakuli, nao hubaki wakiulizana leo sikukuu gani. Chumvi hutia kwa kukisia. Namba ya mdogo wake mwalimu anayo kwenye simu, hajampigia. Kuku hafugi tena.