Bi Kwikwi Amfundisha Hosea Kulia

Siku Tusekile alipomzika mama yake kule Kawetele, miguu ilimwishia nguvu kando ya kaburi. Akaanguka, na khanga ikamfunguka mbele za watu. Wanawake waliwahi kumfunika. Hosea aliwahi simu. Kijana huyu wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, alikuwa na ukurasa wake wa kurusha vituko mtandaoni. Kabla waombolezaji hawajanawa udongo mikononi, anguko lile lilikuwa limeshawekewa muziki wa kuchekesha na kupewa jina: "Mfiwa Bingwa."

Tangu hapo Tusekile alikuwa akipita sokoni, vijana wa bodaboda wanajiangusha chini na kupiga mayowe. Alimfuata Hosea, akamwomba aifute video ile.

"Dada'angu, mkoa mzima umekuona," Hosea alimjibu huku akicheka. "Kuifuta hii ni sawa na kukata mgomba wenye mkungu. Shukuru, umekuwa staa!"

Tusekile hakushukuru. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga video za harusi, mwenye studio ndogo Bulyaga, na kamera aliijua kuliko Hosea. Aliapa moyoni kwamba video ile itafutika, na kwamba Hosea naye ataonja kuchekwa.

Jirani yake Nahla, fundi cherehani, alimshonea gauni jeusi lenye mifuko ya kuwekea vitunguu. Tusekile akajitanda ushungi, akavaa miwani myeusi, akajiita Bi Kwikwi, Mliaji wa Kisasa. Katika video zake fupi alisimama migombani akitangaza huduma: kilio cha kawaida, kilio cha kugaagaa, na kilio cha kuzimia na kuzinduka.

"Ndugu mfiwa," alisema kwa sauti ya puani, "usilie hovyo. Msubiri mpiga picha. Na kabla jeneza halijashuka, bonyeza kengele!"

Alitaka watu wajione na waone haya. Wengi walicheka, lakini wengine walipiga simu kumkodi. Mzee mmoja aliuliza kama huwa anakuja na kikundi au peke yake. Tusekile alikata simu asijue acheke au atapike. Kisha ukaja ujumbe wa Hosea, ambaye hakumtambua: "Bi Kwikwi, nakukubali sana. Tufanye laivu pamoja."

"Kajileta mwenyewe," alisema Nahla, akaenda kuchaji kamera.

Jumapili mchana banda la kuonyeshea mpira likajaa watu. Hosea aliweka simu yake mbele, akaanza kurusha. Nahla alisimama pembeni na kamera ya harusi.

"Nifundishe kulia, Bi Kwikwi."

"Anza kuanguka."

Hosea akaanguka.

"Hilo ni anguko au gunia la viazi? Na uso umeuficha. Rudia!"

Akarudia, akarudia tena, suruali ikamshuka kiunoni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Sasa lia. Lakini kilio kina mwenyewe. Unamlilia nani?"

Hosea alitupia jicho idadi ya watazamaji, ilikuwa inapanda. "Mama!"

"Mama gani? Wako wengi."

"Mama yangu Esnath! Esnath, umeniacha na nani weee!" Akagaagaa sakafuni.

Kicheko kikakatika. Bibi mmoja wa mbele akasimama. "Mwe! Esnath si nimemwacha anapalilia maharage sasa hivi? Unamlilia mama yako mzima?"

Hosea aliinuka na vumbi lake, asijue pa kutazama. Tusekile akavua miwani.

"Umelia kwa mchezo, Hosea, na watu wamenyamaza kwa aibu. Mimi nililia kweli, ukawafanya wacheke. Futa."

Aliifuta video ya mazishi palepale, na laivu yake akaifuta pia. Kisha akainyooshea kidole kamera ya Nahla. "Dada, na hiyo je?"

"Hiyo ni ya Bi Kwikwi," alisema Tusekile.

Kesho yake Esnath alikuja studio. Tusekile alipiga goti kumwamkia, akampa kiti.

"Nimesikia nimekufa," alisema mama yule.

"Mama, nisamehe wewe. Yeye simsamehe."

"Ameshafuta ya kwako. Futa na hii, mwanangu. Ukimwaibisha yeye, unaniaibisha mimi."

"Na mama yangu angekwenda kumwomba hivyo hivyo," Tusekile alijibu taratibu, "lakini siku ile ndiyo tulikuwa tunamfukia."

Esnath alikaza khanga kiunoni, akatoka bila kuaga.

Tusekile alifungua kompyuta, akaiweka video aliyoipiga Nahla. Pale Hosea alipotaja jina la mama yake, aliizima sauti. Hapo tu ndipo alipoona huruma. Mengine yote aliyaacha: kuanguka, suruali, kugaagaa. Akairusha, akavuta kiti, akakaa kuwahesabu waliotazama, na kila mmoja alikuwa mtamu kwake.