Nusu ya Wote

Jumamosi ile mashine ya kinu cha mpunga cha mji wa Kasongo ilizimwa mapema, na wafanyakazi wakaitwa kwenye sakafu ya kuanikia. Mama Honorine alisimama mbele, mahali pake pa kawaida, kwa kuwa ndiye aliyekuwa delege, msemaji wa chama cha wafanyakazi, na pia ndiye mwanamke mrefu kuliko wote mjini. Urefu huo aliurithi kwa baba yake na hakuwahi kuuonea haya. Alipozungumza na wakubwa, wao ndio walioinua vichwa.

Direkta Dominique, aliyeletwa na kampuni kutoka Kinshasa, alieleza kwa Kifaransa kwamba mashine mpya imefika, inakoboa na kupepeta yenyewe, na kwa hiyo nusu ya watu wataondoka. Aliyetafsiri alikuwa Yves, mzaliwa wa Kabambare, mwenye kushughulikia mambo ya wafanyakazi. Tumbo la Yves lilikuwa linamdai bugali na mboga ya sombe, na ulimi, kama tujuavyo, hauna mfupa.

"Kampuni itapunguza wafanyakazi," alisema. "Nusu."

"Nusu ya nani?" aliuliza Kasimu, mbeba magunia.

"Nusu ya wote," Yves akajibu, akaenda kula.

Jumapili wafanyakazi wa kinu wakaanza kupungua. Haikuuma. Honorine aligundua kanisani, benchi la mbele lilipomziba asiione altare. Kasimu aligundua msikitini, kanzu ilipoanza kumfagilia njia. Kufikia jioni kila mmoja alikuwa amebaki nusu yake, na hapo wakakoma. Falonne, binti yake Honorine, alichukua kitenge cha mama yake akakikata katikati.

"Mama, tumepata mbili," alisema.

Honorine alikubali kwamba hiyo ni faida. Lakini alikuwa na hasira, na alijua hasira hiyo ataipeleka wapi.

Jumatatu hakuna aliyechelewa kazini. Walisogeza mabenchi, wakapanda juu ili wafikie mdomo wa mashine. Wanawake wa nyungo walishika ungo mmoja wawili wawili. Kasimu alilitazama gunia, akaona sasa wanalingana kimo, akalilaza chini na kuliviringisha hadi ghalani. Wa mwisho kuingia alikuwa Yves, amevaa sare ya shule ya mwanawe, shati jeupe na suruali ya bluu. Alikuwa amesahau kwamba hata yeye ni mfanyakazi. Walimwamkia kwa heshima, wakamcheka alipopita.

Mazungumzo yalianza Jumanne ofisini kwa direkta. Honorine aliagiza mfuko wa pumba uwekwe juu ya kiti, akaupanda, akakaa macho yake yakiwa sawasawa na ya mwenye ofisi.

"Direkta, ulitaka nusu," alisema. "Nusu ni hii, tumeileta. Hakuna mutu wa kuenda tena."

Direkta hakuona ajabu. Alijibu kupitia Yves kwamba yeye anahesabu vichwa, na vichwa vya kinu havijapungua hata kimoja.

"Haukusema vichwa. Ulisema wafanyakazi. Yves, ulisema nini?"

"Nilisema wafanyakazi," Yves alikiri, kisha akajitafsiri mwenyewe kwa Kifaransa.

Direkta alifikiri, akaja na hoja nyingine. Mikataba yote ya kinu, alisema, imeandikwa kwa ajili ya mtu mzima. Aliitazama miguu ya Honorine iliyokuwa ikining'inia, akasema kwamba yeye haoni watu wazima hapa.

Honorine alicheka, na kicheko chake hakikuwa kimepunguzwa. Hata mafundi waliokuwa uani wakifunga mashine mpya walikisikia.

"Mi niko na wajukuu," alisema. "Nilizika bwana yangu. Wakati ya vita nilikimbia na mutoto mugongoni mupaka kule Wamaza, na nikarudi naye. Kama mi hapana mutu muzima, basi muzima ni nani humu? Tafsiri yote, Yves. Usiache kipande."

Yves alitafsiri yote, hakuacha kipande. Direkta akaomba waonane tena Alhamisi.

Alhamisi alikuja na jambo ambalo Honorine hakulitarajia. Kama delege atampa majina ya nusu ya watu, alisema, hao wataondoka, na wale watakaobaki yeye atatangaza kwamba wamebakizwa, nao watarudia kimo chao. Ili asidhaniwe anapiga domo, alitamka palepale kwamba kampuni inambakiza Bwana Yves.

"Yves anabaki," Yves akatafsiri, akaanza kurefuka. Suruali ya mwanawe ilichanika pande zote mbili. Akasimama nyuma ya kiti akijifunika kwa faili, mzima kama alivyozaliwa na mama yake, macho chini.

Honorine alimtazama Yves kwa muda mrefu. Aliutaka urefu wake. Tangu Jumapili alikuwa anaukosa kila alipofungua mlango, kila alipotaka kuteka maji, na hasa kila alipokutana na watu waliomzoea akiwa juu yao. Alijua pia kwamba delege hajiandiki kati ya wanaoondoka. Kilichotakiwa ni majina tu.

Alishuka kwenye mfuko wa pumba, akaenda kuwaambia wenzake kila kitu, bila kuficha hata suruali ya Yves.

"Nikitoa majina, nusu watarudia urefu," alisema. "Wengine wataenda kulima, ao watajaribu kwenye mashimo ya zahabu. Museme wenyewe."

Kila mtu aligeuka kumtazama Kasimu. Katika kinu kizima hakuna aliyepoteza kama yeye, kwa maana mgongo ule ndio uliomlisha.

"Mi nataka mugongo yangu," Kasimu alisema. "Siwezi kuwadanganya, naitaka sana. Lakini ile majina, mama, utaanza na nani?"

"Sina wa kuanza naye."

"Basi. Hata mi sina."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Honorine, "hata kama ni kirefu."

Mikono ikainuliwa kukataa kutoa majina. Ilikuwa mifupi, lakini hakuna uliobaki chini. Wa Yves ulikuwa juu ya yote, na alipouinua akaanza kupungua tena. Kufikia jioni suruali ya mwanawe, ambayo mke wake alikuwa ameishona ilipochanika, ilimwenea tena.

Wiki iliyofuata direkta alichoka kungoja majina. Alikubali kwamba hakuna atakayeondoka na kwamba kila mmoja, kwa kimo chochote, atahesabiwa mtu mzima. Safari hii Honorine alimfanya Yves atamke kila neno la Kiswahili mara mbili, naye akilipima kama mtu anayechambua mchele wa mgonjwa. Kabla ya kutia sahihi, aliomba jambo moja la mwisho.

"Gunia nayo ipunguzwe nusu."

Direkta alikataa. Gunia, alisema, si mfanyakazi. Ukubwa wake umepangwa na soko, na soko halina delege.

"Umeweza kupunguza mutu, unashindwa na gunia?"

"Gunia ni gunia," Yves alitafsiri kwa sauti ndogo.

Walibishana hadi jua likaanza kushuka, na neno hilo halikusogea. Honorine akatia sahihi, kwa herufi kubwa, akatoka nje kifua mbele. Watu walimpokea kwa vigelegele, na alistahili.

Msimu wa mavuno uliwakuta hivyohivyo. Mashine mpya ilikoboa haraka kuliko ile ya zamani, na magunia yaliyojaa yakaongezeka. Siku moja mfanyabiashara wa Nyangwe, aliyekuja na gari kuchukua mzigo, aliona mtu mfupi amemzibia njia, amempa mgongo.

"We mutoto, pisha," alisema.

Honorine akageuka. Yule bwana alivua kofia.

"Pole, mama. Sikuona uso."

"Hakuna neno. Mi ni mutu muzima."

Mfanyabiashara alitazama magunia yaliyopangwa mpaka karibu na paa. Alimtazama Kasimu, na wanawake wa nyungo waliokuwa wamekuja kusaidia kupakia, na Yves, ambaye siku hizi naye alitumwa kubeba. Wote walikuwa wamejipanga kuzunguka gunia moja.

"Na hamukuomba wawapunguzie gunia?"

"Tuliomba," alisema Honorine, akashika pembe yake ya gunia, na wakaliinua.