Kiraka cha Kondo

Kaka yangu Fridolin akiogopa hupandisha sauti, na siku ile aliipandisha mpaka wagonjwa wa korido nzima wakageuka.

"Kondo la mtoto wa watu liingie kwenye jicho la mama yangu? Haiwezekani!"

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi katikati yetu. Jicho lake la kushoto lilishakufa zamani. La kulia lina tundu kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Akipeta mchele anaona ukingo wa ungo, mawe ya katikati hayaoni. Upasuaji wa kwanza haukuliziba tundu. Sasa Daktari Ilham alitaka kulitia kiraka: kipande chembamba cha utando wa kondo la nyuma, ambacho mzazi mwingine alikitoa kwa hiari, kikasafishwa na kupimwa.

"Kwetu Namawala kondo linazikwa," Fridolin aliendelea. "Lisipozikwa, mtoto hakui. Langu liko pale migombani, ndiyo maana mji ule ni wangu!"

Damu ilinichemka. Tangu mama aanze kupapasa kuta, Fridolin hajamshika mkono hata kumfikisha kisimani, leo amekumbuka mila! Na daktari naye! Alimpa mama shikamoo tu. Maelezo yote alimpa Fridolin, eti kwa kuwa ndiye mwanamume.

"Daktari," nikasema, "kwani jicho ni la nani?"

Akachuchumaa mbele ya mama. "Nisamehe, mama. Wewe unasemaje?"

Mama hakumjibu yeye kwanza.

"Fridolin, mwaka uliozaliwa mto ulifurika mpaka migombani. Kondo lako tulilizika asubuhi, jioni maji yakalizoa. Bibi yako akasema tunyamaze, usije ukakua mnyonge. Labda kambale walilila. Na umekua, mdomo ndio umezidi."

Korido nzima ikaangua kicheko.

"Daktari, tia kiraka chako. Na huyo mzazi aliyekitoa, mwambieni ahsante."

Mama akageuza uso upande wa Fridolin, akainamisha kichwa huku na huku akimtafuta.

"Leticia, amenuna au analia? Katikati ya uso wake sioni kitu."

"Ameinama, mama."

"Mwambie anishike mkono tuingie. Nikifunguliwa bandeji nataka nimwone yeye kwanza."

Nilimwambia, naye akaushika. Lakini mkono wa pili niliushika mimi, maana hasira yangu ilikuwa bado.