Mstari wa Mwali

Mswada ulirudi Kibiti kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki, ukiwa na wino mwekundu kana kwamba mtu amechinjia kuku juu yake. Mwanamina aliufungua kando ya cherehani yake. Pembezoni mwa ukurasa wa kumi na mbili mhariri wa Dar es Salaam alikuwa ameandika: Hapa wanasema wote kwa pamoja. Kila msemaji apewe mstari wake. Fungua alama za usemi, kisha zifunge. Msomaji ajue nani kasema nini.

Alinuna. Fundi wa nguo hapendi kuambiwa mshono wake umepinda. Hadithi hiyo alikuwa amewasomea wanawake wa mtaa mzima na hakuna aliyepotea, na sura hii ya posa ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Lakini mhariri ameahidi kuichapa ikinyooka, naye ametamani kitabu tangu hajaota mvi. Akavuta karatasi safi.

Karatasi nyingine safi ilikuwa papo hapo mezani, nayo ikimngoja yeye. Siku tatu nyuma watu wa Ndundu walileta barua ya posa ya bintiye, Nasra. Badru, mumewe, alimwita binti sebuleni na kumuuliza mbele ya wajomba. Nasra aliinamisha kichwa. “Kimya chake ndicho jibu,” alisema Badru, na wajomba wakaitikia alhamdulillahi. Kwa kuwa mwenye mkono wa kuandika nyumbani ni Mwanamina, kazi ya kujibu barua ikamwangukia. Ilitakiwa Ijumaa, na leo ni Alhamisi.

Alianza na hadithi. Sura ile ilitokana na posa yake mwenyewe, ya miaka ishirini na mitano iliyopita, ingawa majina aliyabadilisha. Maneno yote yalikuwa aya moja, kama mashamba ya bondeni mto ukifurika, mpaka wa mtu hauonekani. Sasa akayagawa. Mshenga alipata mistari mitano. Baba alipata minne. Ami alipata miwili, mmoja wa kusifu ukoo na mmoja wa kudai kahawa. Hata jirani aliyechungulia dirishani alipata wake. Alipomaliza akahesabu, kwa mazoea ya mtu wa vifungo. Mwali hakuwa na hata mmoja.

Alisoma upya. Wasikilizaji wote walidhani mwali alisema. Yeye mwenyewe, aliyekuwa mwali huyo, alidhani alisema. Akafungua alama za usemi, akangoja kilekile alichotaka kukisema siku ile. Hakikuja. Ndoa yake hakuwahi kuichukia, na Badru ni mtu mwema. Ila hakukumbuka kuulizwa na mtu aliyengoja jibu. Hilo lilimuuma, tena kwa kuchelewa.

Nasra alikuwa barazani akipepeta mchele.

“Nasra, hebu njoo.”

“Abee, mama.” Alisimama mlangoni na ungo wake.

“Posa hii waitaka?”

“Baba keshajibu.”

“Babako nimemsikia. Nakuuliza wewe.”

“Mama nawe! Mwali ajibu nini?”

“Sijui, mwanangu. Ndiyo maana sijaandika.”

Badru aliingia akitoka kuswali alasiri. Aliitazama karatasi tupu.

“Mama Nasra, barua bado? Mshenga aipitia kesho asubuhi.”

“Bado. Kuna mtu hajasema.”

“Nani tena? Si tulikuwapo wote?”

Jina lilimfika Mwanamina mdomoni, akalimeza. Akilitaja atakuwa amemsemea mtu kwa mara nyingine. Alishika kalamu, wala hakuandika. Kuku walisogea kudonoa mchele uliomwagika kizingitini, na hakuna aliyewafukuza. Badru alimtazama mkewe, kisha bintiye, ambaye mara hii kichwa hakukiinamisha.

“Mimi, baba,” alisema Nasra.

Badru akavua kofia, akavuta kigoda, akaketi.