Mti Haujui Kuvuta

Hakuwa na viatu vya theluji, hakuwa na glavu za maana, hakuwa na mke wa kumshauri, na kubwa zaidi, hakuwa na maneno. Maneno yote ya Mzee Tokuji yalikuwa kwenye karatasi moja ya serikali, mfukoni mwa koti. Mjane akiijaza na kuipeleka ofisini, ukwe unakatika siku hiyohiyo, wala haombi ruhusa ya mtu. Kilichobaki ni binti yake, Shiori, kuijaza.

Kwao Wakayama, kwenye miteremko ya machungwa, theluji ni ya kutazamwa kwenye televisheni. Huku milimani Niigata ilikuwa imeziba madirisha ya chini. Aliposhuka basi, cha kwanza kukiona ni mgongo wa Shiori juu ya paa, koleo mkononi. Ni paa lilelile lililomtupa mumewe, Yasuo, majira ya theluji yaliyopita, akafukuliwa chini ya ukingo akiwa amekwisha kuwa baridi.

"Shuka," alisema Tokuji.

"Shikamoo, baba. Ingia ndani, mama ana chai. Nikishuka sasa, paa nalo litanifuata."

Ndani, Mama Kinu, mkwe wake Shiori, alikuwa amejikunja chini ya blanketi la meza fupi yenye hita chini yake, kama kamba wa kukaangwa.

"Mkwe, umeleta machungwa?"

"Nimeleta."

"Na karatasi?"

Tokuji akagusa mfuko wa koti.

"Si wewe baba wa kwanza kuja nayo kijijini hapa. Iweke mezani, isikuunguze kifua."

Shiori alipoingia akijipangusa theluji, bibi alimsogezea karatasi na kalamu. "Jaza, mwanangu. Mimi nitakwenda nyumba ya wazee. Huko wanatazama televisheni kutwa."

"Wewe? Ungegombana na televisheni. Kula, mama."

"Nilikuja hapa kumzika mumeo," Tokuji akamwambia bintiye. "Sina nguvu ya kuja kuzika mara ya pili."

"Nisipopanda kuiondoa theluji, nyumba itamwangukia mama. Nikiondoka, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu."

"Na ukianguka?"

"Nafunga kamba, baba. Kula na wewe."

Asubuhi Tokuji hakungoja chai. Alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye mti wa matunda wa uani, mpersimoni, kama alivyoona ikifungwa jana, akapanda. Alitaka kulimaliza paa lote, ili mtoto asiwe na sababu ya kulikanyaga. Machungwa hayana hila kama theluji. Alikanyaga ukingo mweupe akidhani ni paa. Chini yake hapakuwa na kitu. Akaenda nao, kamba ikalegea tu, na theluji ya juu ikamfuata. Ilimfika shingoni. Alipiga kelele, kelele zikazama palepale.

Mama Kinu ndiye aliyemwona kutoka mlangoni, akapiga sufuria kwa mwiko mpaka Shiori akaja mbio. Alimfukua kwa koleo, kisha kwa mikono, akilia bila sauti.

"Kamba yako aliishika nani?"

"Niliifunga kwenye mti."

"Yasuo naye aliifunga kwenye mti."

"Na wewe je?"

Shiori akatazama pembeni. Mama Kinu, ambaye vidole vyake havikuwa tena na nguvu ya kuvuta kamba, alikuwa amesimama mlangoni, mwiko ungali mkononi. "Mti haujui kuvuta, mkwe," alisema.

Mchana ule Tokuji aliandikia chama cha wakulima wa machungwa. Miti aliyoipanda na marehemu mkewe wapewe vijana wa jirani. Isipopogolewa mwaka mmoja tu, inageuka msitu. Bahasha aliyokuwa nayo ni ile ya kupelekea karatasi ofisini, akafuta anwani. Gundi haikuwepo, basi Mama Kinu akamsogezea punje za wali, naye akazisaga kwa kidole na kuifunga bahasha.

Tarishi alipopita, Shiori alikuwa juu ya paa.

"Samahani, nakupa kwa mkono mmoja," Tokuji alimwambia, akimnyooshea barua bila kuondoa macho juu. Wa pili ulikuwa umezungushiwa kamba.